Sauti ya Kuanzia

Mpwa wangu tunamwita Chiriku. Jina hilo alipewa na mama yake kabla hajaota meno yote, kwa sababu hakuwa mtoto wa kulia, alikuwa mtoto wa kupiga kelele zenye mpangilio. Leo jina hilo limebandikwa kwenye mabango, na wachungaji wa makanisa ya mbali hulitamka wakiwa wamefumba macho. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu uko kwingine, na nitausema, maana wenzangu wengi wameshasahau na mimi sikujaliwa kusahau.

Sijasahau kanisa letu lilipokuwa mabati matupu, juu na pembeni. Mvua ikinyesha mhubiri alikaa chini, akasema leo Mwenyewe anahubiri. Hatukuwa na kinanda wala spika. Tulikuwa na dada yangu. Dada yangu, mama yake Chiriku, ni fundi cherehani, na siku za ibada alisimama pale pale alipokuwa ameketi, kwenye benchi, katikati ya watu. Anatusalimu, tunaitikia, anaanzisha wimbo. Hakuna aliyemchagua. Akianzisha yeye, kila mtu anaimba, hata sisi wenye sauti za kufukuzia kunguru. Kuta za tofali zilipokuja kushika nafasi ya mabati, mimi na mafundi wenzangu ndio tuliozipiga plasta, na tulizipiga tukiimba nyimbo zake.

Halafu likaja jukwaa. Kwenye kikao nilisimama nikauliza jukwaa ni la nani. Nikajibiwa ni la Bwana. Nikauliza, Bwana ni mfupi kiasi gani hata asionekane mpaka apandishwe? Nikaambiwa nikae. Mabenchi yakatoka, vikaingia viti vya plastiki vyote vikitazama upande mmoja, zikaja spika ndefu kuliko mlango wa nyumba yangu, kikaja kinanda na mpiga kinanda wake. Dada yangu hakufukuzwa na mtu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu akifukuzwa unajua wa kugombana naye. Yeye aliachwa tu, kama kigoda sofa ikishaingia sebuleni.

Na aliyepanda jukwaani alikuwa mtoto wake mwenyewe.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Chiriku si wale wanaoimba Yesu mpaka taa zizimwe. Siku za kazi utamkuta wodini, anaimba taratibu kando ya kitanda cha mgonjwa asiyemjua, na nesi anasimama na trei yake mlangoni mpaka ubeti uishe. Akialikwa kuimba mahali, kwanza huuliza kama kuna mtu anahitaji kuombewa, ndipo aulize kama kuna maji ya kunywa. Sauti yake ikipanda, inapanda bila kushikilia ngazi. Katika kila wimbo ana sehemu moja ya juu kabisa ambayo watu huingoja kama watoto wanavyongoja mlango wa shule ufunguliwe. Akifika pale, watu hunyanyua mikono, wengine hulia. Nimewaona. Mimi mwenyewe hukohoa kidogo, nikasingizia vumbi.

Mwaka huu alitaka kurekodi albamu humu kanisani kwetu, Jumamosi mchana, watu wakiwepo. Wimbo mkubwa aliutunga yeye, na kiitikio chake kilikuwa chepesi kwa makusudi, ili watu wakiimbe naye:

*Kisima chako hakikauki,*
*nimerudi na ndoo yangu.*

Aliyoyasema kwa Mchungaji yalikuwa mengi, lakini mimi aliniambia neno moja. Alitaka sauti ya mama yake iwemo. Kifua cha dada yangu kimeanza kumchezea, na sauti inapungua kama sabuni mkononi. Chiriku aliona kwamba asipoikamata sasa, hataikamata tena. Ila kulikuwa na mfupa kooni. Tangu yeye apande jukwaani, hakuwahi kumwona mama yake akifungua mdomo kuimba. Anakaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mkoba, anamtazama. Chiriku aliamini kwamba mama alinuna siku ile yeye, mwanawe, alipoacha kazi ya cherehani akafuata muziki. Siku ile mama alisema "haya" tu. Na "haya" ya mama, kila aliyelelewa anajua, ina vyumba vingi.

"Atakuja, mjomba," aliniambia. "Akija ataimba. Wimbo ni wa ndoo. Nani hajui ndoo?"

Akaja. Jumamosi ya kwanza kanisa lilijaa, watu wamevaa kama wanakwenda kupigwa picha, na ni kweli walikuwa wanakwenda kupigwa. Fundi sauti, kijana mpole mwenye nywele zilizokatwa vibaya, alikuwa amening'iniza vipaza sauti juu ya viti ili avinase viitikio vya watu. Kimoja kilining'inia karibu kabisa na kichwa cha dada yangu. Mimi nilikaa nyuma yake, kwa kuwa nilitumwa nimshike mkono kwenye ngazi za mlangoni.

Mpiga kinanda akapiga, Chiriku akapokea. Wimbo ukaanza mahali ambapo nyimbo za watu wengine huishia. Ulipofika kiitikio alinyoosha mkono kwetu, na sisi tukanyanyua mikono kumjibu. Akafumba macho, akapanda kule kwake, mama mmoja mbele yangu akaanguka chini akilia, simu zikawaka kila upande. Ulipoisha, makofi yalitikisa plasta yangu. Mchungaji alishika kipaza sauti akasema mbingu zimefunguka. Hakuna aliyembishia.

Watu walipotoka, tulibaki wachache kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Walikuwepo Mchungaji, mpiga kinanda, fundi sauti na meza yake yenye vitufe vingi kuliko vifungo vya shati la askari, Chiriku, na mimi niliyekuwa nangoja dada yangu amalize kuagana na wenzake uwanjani. Chiriku alikuwa bado anatweta. Akamwomba fundi sauti azime sauti yake na vyombo vyote, awaache watu peke yao. Alitaka kusikia kiitikio.

Fundi sauti akabonyeza. Tukasikia feni.

Tukasikia feni, na kikohozi, na mtoto akiomba maji. Mkufu ukigonga kiti. Mguno wa mama yule aliyeanguka. Chiriku akasema pengine kifaa kimekufa. Fundi sauti akatikisa kichwa polepole, akafungua kingine, na kingine. Vyote vizima, vyote vilikuwa vimenasa vizuri sana watu wengi wasioimba. Kwenye kimojawapo bibi mmoja alimnong'oneza mwenzake, akasikika wazi kabisa: "Wimbo umepanda juu ya mti, shoga. Sisi tungoje maganda."

Mpiga kinanda akacheka, halafu akaona hakuna mwenzake.

"Nifungulie kile cha juu ya mama," Chiriku akasema.

Kilifunguliwa. Kwanza kimya, kisha pumzi ikivutwa, pumzi ya mtu anayejiandaa. Halafu sauti ya dada yangu, "Kisi—", ikapanda nusu, ikapasuka kama uzi kwenye sindano butu, ikanyamaza. Baada ya kitambo, kwenye kiitikio cha pili, ile pumzi tena. Safari hii haikufuatwa na kitu.

Chiriku aliketi juu ya sanduku la spika. Mchungaji si mtu mbaya, ingawa tumekwaruzana sana. Alimwekea mkono begani, akamwambia hilo si tatizo, siku hizi watu hupandikizwa. Wataita wanakwaya kumi wenye sauti, waimbe studio, fundi awazidishe mpaka wawe elfu. Msikilizaji hatajua. Alimwambia pia jambo ambalo sikulijua: kwamba yeye mwenyewe aliokoka kwa sababu ya sauti moja ya juu aliyoisikia redioni, akiwa amelala chini na maisha yamemshinda, na tangu siku hiyo anaamini kuna watu hawawezi kufikiwa ila kwa sauti inayotoka juu kuliko wao. Alisema kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumrushia maneno, nikaufunga.

Chiriku aliuliza kitu kimoja tu. "Wamenyamaza tangu lini?"

Kila aliyekuwa mle chumbani alikuwa amedhani ule ukimya ni ibada.

Siku mbili baadaye nilikuwa kwa dada yangu, naziba ufa ukutani, cherehani ikipiga mbio nyuma yangu, Chiriku akaingia. Hakusalimia vizuri. Alikaa kwenye marobota ya vitambaa, akachukua suruali ya mtu akaanza kufumua upindo, kazi ya mikono isiyotulia.

"Mama, ulijaribu kuimba."

Cherehani ikasimama. "Nani kasema?"

"Kipaza sauti."

"Kumbe ni mbea hivyo," dada yangu akasema, na cherehani ikaendelea.

Chiriku akamwambia yote: feni, kikohozi, maganda. Akasema amekaa miaka akidhani mama amenuna. Dada yangu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina dirisha asilolijua. Kununa? Yeye anune kwa lipi? Kila Jumapili hujaribu kimoyomoyo, kisha huacha. Kifua hakifiki.

"Nilikuja mpaka mlangoni, mwanangu. Nikakuta umeshapanda darini na ngazi umeivuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Mtu anayeruka humwambii ashuke. Atadhani unamrushia jiwe."

Chiriku alijizungushia uzi vidoleni. Kisha akauliza mama alikuwa anaanzishaje zamani, alijuaje pa kuanzia bila kinanda. Dada yangu akasema hajui, alikuwa anaanza tu. Akabanwa. Akasema, sasa, mtu anaanza pale watu walipo, kuna nini cha kueleza hapo? Akabanwa zaidi, akakasirika kidogo, akasema kama ni mtihani basi amefeli.

Hapo nikageuka na mwiko wangu. Nilikumbuka, kwa kuwa mimi ni mtu wa kukumbuka. Hakuwahi hata mara moja kuanzisha kabla hatujaitikia salamu. Na tukiitikia kwa usingizi, alitusalimu tena. Watu walidhani anatukaripia.

"Bwana asifiwe," Chiriku akatusemesha ghafla, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kitasa.

"Amina," tukajibu, mimi na dada yangu, bila kufikiri.

Na kabla "amina" haijapoa, dada yangu, mguu bado uko kwenye kanyagio, akaishika pale ilipoangukia: *Kisima chako hakikauki.* Chini, mahali penye upana. Sauti nyembamba lakini nzima, haikupasuka popote. Aliimba mstari mmoja akasimama, akatushangaa tulivyomkodolea macho.

"Nini sasa?"

"Umeichukua kwetu," Chiriku akasema. "Sauti ya kuanzia. Umeichukua kwenye amina."

"Mimi sijachukua kitu cha mtu," dada yangu akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi ya pili Chiriku alimweleza Mchungaji mbele ya wapigaji vyombo wote kwamba ataushusha wimbo. Mchungaji akauliza ataushusha mpaka wapi. Akasema hajui, watu ndio watakaosema. Hapo mazungumzo yakawa magumu. Mchungaji alimkumbusha kwamba ile sehemu ya juu ndiyo watu wanayoijia, na wimbo ukishushwa, haitakuwepo. Itakuwa sauti ya kawaida. Wapo wengi wa kawaida. Mungu hakumpa karama ile ili aifukie chini.

"Sijaifukia, baba," akasema. "Kesho kutwa nitaimba juu mpaka popo wahame. Lakini wimbo huu nimewaita watu, na wameshindwa kuingia. Nikiwapandikiza, nitakuwa nimewafungia nje halafu nikasema wamo ndani."

Mchungaji akasema jaribuni. Alisema kwa mdomo wa mtu anayesema shauri yenu.

Jaribio la kwanza lilivunjika. Mpiga kinanda alishusha kidogo, Chiriku akaanza chini kuliko kawaida, akanyoosha mkono kwenye kiitikio, na kanisa zima likanyanyua simu. Mdomo hata mmoja haukufunguka. Nilitaka kusimama niwatukane. Watu waliojenga nyumba kwa kuimba wamefundishwa kutazama, na sasa hata mlango ukifunguliwa wanasimama nje wakipiga picha mlango. Mpiga kinanda alimtazama Mchungaji. Mchungaji alitazama sakafu, na nitampa haki yake, hakutabasamu.

Chiriku aliukata wimbo katikati. Akasimama kidogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya na mikono yake. Kisha akamwashiria mpiga kinanda aache. Akashuka jukwaani. Hakushuka kwa mbwembwe, alishuka akiangalia nyaya asije akajikwaa, akapita katikati ya viti mpaka alipokuwa mama yake, akasimama ubavuni pake, akalipa jukwaa mgongo.

"Bwana asifiwe," akasema bila kipaza sauti.

"Amina," wakajibu wachache, wengine bado wanatafuta kamera imeelekea wapi.

"Mmelala? Bwana asifiwe."

Sasa wakacheka, na amina ikatoka pamoja, ya wazee na ya watoto, nene, imekaa chini kama gunia lililotuliwa. Chiriku aliisikiliza mpaka ikazama ukutani. Halafu akaanzia hapo hapo.

Sauti yake ya chini sikuwahi kuijua. Ina mchanga kidogo. Ni sauti ya mama yake kabla ya kifua. Mstari wa kwanza aliimba peke yake, na nilikaa nimekaza ngumi. Mstari wa pili dada yangu akavuta pumzi, ile pumzi niliyoisikia kwenye meza ya fundi, na safari hii ikafuatwa na kitu. Aliingia kwa sauti ya pili, pembeni kidogo, kama zamani. Bibi wa maganda akaingia. Mlinzi wa geti, mwenye sauti inayotoka kwenye viatu, akaingia akiwa bado amesimama mlangoni. Simu zikaanza kushuka moja moja, maana ni vigumu kuimba kwa nguvu huku umenyanyua mkono. Kiitikio kilipofika mara ya pili, hapakuwa na mtu wa kutazama wala wa kutazamwa.

Jukwaani mpiga kinanda alikuwa anahangaika. Aligusa kitufe hiki, akagusa cha jirani yake, akatikisa kichwa. Amina ya watu ilikuwa imeangukia kwenye ufa katikati ya vitufe viwili, mahali ambapo kiwanda hakikuweka kitu. Mwishowe alikunja mikono akaimba kama wengine, na alikuwa na sauti nzuri, hakuna aliyewahi kuisikia.

Tuliimba muda mrefu. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyepiga makofi mwishoni, kwa sababu mtu hajipigii makofi. Watu walifuta jasho wakaanza kuzungumza.

Kwenye chumba cha nyuma fundi sauti alikuna kichwa. Alisema amenasa kila kitu, ila kuna matatizo. Vyombo haviwezi kuwekwa juu yake, havitakubaliana. Na Chiriku mwenyewe hasikiki. Alikuwa mbali na kipaza sauti chake, amemezwa. Mchungaji aliomba kusikiliza. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Halafu akasema ukweli wake: wimbo huu hautaingia kwenye matangazo ya kanisa. Mtu akiwa amelala chini huko aliko, ataona nini hapa cha kushika? Atatangaza ule wa Jumamosi ya kwanza, bila watu wa kupandikiza, sauti ya Chiriku peke yake. Huu wa pili, kama anautaka, autie mwishoni mwa albamu, bila chombo, kwa wanaopenda.

Mimi ningepigana. Nilikuwa na maneno tayari, ya tangu enzi za mabati. Chiriku alinishika mkono wa shati, akasema mwishoni panatosha, baba, asante.

Alimletea mama yake wimbo huo mchana mmoja, kwenye simu. Niliingia ukiwa mwanzoni tu. Dada yangu alisimamisha cherehani, akasogeza sikio, uso umekunjamana kama anapima pindo. Alijisikia akiingia kwenye mstari wa pili, akaguna kwamba alichelewa kidogo. Mtoto wake akasema hakuchelewa. Akasema alichelewa, yeye ndiye anayejua. Akasikiliza tena. Kidole chake kikaanza kugonga meza, kisha kikasimama.

"Na huyu anayenguruma nyuma yangu kama mashine ya kusaga ni nani?"

"Mjomba," akasema Chiriku.

Dada yangu alinigeukia, akanitazama kutoka juu hadi chini, mimi na mwiko wangu.

"Mtoe."

"Hatoki, mama. Mlikuwa kwenye kipaza sauti kimoja. Nikimtoa yeye, na wewe unatoka."

Dada yangu alifikiri. Alifikiri sana, kuliko ilivyokuwa lazima. Halafu akavuta kitambaa, akakitia chini ya sindano.

"Haya," akasema. "Rudisha mwanzo."